Bomba likijaa, maji yanapita wapi? Uzi wa mitaro, mabomba na mafuriko

Mteremko (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mji ukizama, mjadala unaanzia palepale: mitaro ni midogo, ipanuliwe. Mimi kazi yangu ni kuchora mifumo ya maji ya mvua, na naona mjadala huo unaruka swali la msingi. Mtaro wowote, uwe mkubwa vipi, kuna mvua itakayouzidi. Siku hiyo ikifika, maji yatapita wapi? Mchoro usipojibu hilo, maji yatajibu yenyewe, na maji hayapigi hodi.

Niweke hesabu mezani kwanza tusije kubishana hewani.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Shika hiyo tu, mengine yanafuata. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 100 kwa saa linamwaga lita 20,000 kwa saa, yaani lita 5 na nusu hivi kila sekunde. Bomba la milimita 100 lililolazwa kwa mteremko wa 1 kwa 100 linabeba lita 5 hadi 6 kwa sekunde likiwa limejaa na ni safi. Paa moja limeshamaliza bomba zima, na hapo bado hatujagusa ua wala njia ya gari.

Kwa eneo kubwa zaidi tunatumia Q = C × i × A ÷ 360. Q ni mita za ujazo kwa sekunde, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni hekta, na C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi. Fomula ya wazee hii: Thomas Mulvany aliiwekea msingi Ireland mwaka 1851, Emil Kuichling akaitumia kwenye mitaro ya Rochester, Marekani, mwaka 1889. Kwa maeneo madogo bado inafanya kazi nzuri. Kwa bonde zima la mto usiitegemee.

Chukua hekta 10 za nyasi, C ni 0.2, mvua milimita 100 kwa saa. Unapata kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Zijaze mapaa, lami na pevingi, C ipande hadi 0.9: sasa ni mita 2.5. Mvua ileile, ardhi ileile. Na hapo nimehesabu kwa upole, kwa sababu zege halizidishi maji tu, linayaharakisha pia. Maji yakifika mtaroni ndani ya dakika 10 badala ya 30, lazima usanifu kwa mvua ya dakika 10, na mvua fupi kwa kawaida ni kali kuliko ndefu. Kwa hiyo C inapanda na i nayo inapanda.

La mwisho, halafu niwaachie uwanja. "Mvua ya miaka 10" haina maana kwamba ikinyesha mwaka huu umepumzika miaka 9. Maana yake kila mwaka kuna asilimia 10 ya kuipata au kuipita. Ndani ya miaka 10 uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 65. Mtaro wa miaka 10 ni mtaro unaotarajiwa kufurika. Ndivyo ulivyosanifiwa.

Sasa tuongee.

---

Zegekavu

Mkuu, umeongea vizuri ila umejichanganya kidogo. Kama mtaro wa miaka 10 utafurika, si tujenge wa miaka 100 tumalize? Kipenyo kikiongezwa kidogo maji yanaongezeka sana, hilo nalijua.

---

Mteremko

Zegekavu, hapo kwenye kipenyo uko sahihi. Ukizidisha kipenyo mara mbili, bomba linabeba zaidi ya mara sita. Mteremko ndio mchoyo: uzidishe mara nne, upate maji mara mbili tu.

Ila bomba kubwa lina mambo yake. Kwanza, maji hayaingii bombani kwa kutamani, yanaingia kupitia matundu pembeni mwa barabara. Simama kwenye tundu mvua ikinyesha barabara ikiwa na mteremko mkali. Utaona mkondo unaruka juu ya nondo za kifuniko na kuendelea na safari, unaingia robo tu. Chini yake bomba liko nusu tupu, juu barabara imekuwa mto. Watu watasema bomba ni dogo, wakati kilichokuwa kidogo ni mdomo. Na ukikuta majani matatu mapana na mfuko mmoja wa plastiki juu ya kile kifuniko, hata hiyo robo huipati.

Pili, mvua kubwa inakuja mara moja moja. Siku nyingine zote bomba lako la miaka 100 linapitisha kamkondo kembamba kanakotambaa chini. Mwendo ukishuka chini ya mita 0.6 hivi kwa sekunde, mchanga unakaa. Baada ya muda umejilipia bomba kubwa lenye nafasi ya bomba dogo.

Tatu, unayapeleka wapi? Ukiyatoa kwako kwa kasi umempa jirani wa bondeni.

---

BintiRamani

Nashukuru umeanzisha hii mada, kaka. Niongeze mfano wa mji ulioamua kabisa kwamba barabara zitabeba maji.

Tarehe 2 Julai 2011, Copenhagen ilipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa mbili hivi. Vyumba vya chini vilijaa, barabara kuu zikafungwa, mabomba yakarudisha maji machafu majumbani. Mwaka uliofuata mji ulitoa mpango wake wa mvua za ghafla, na nilichokipenda ni namna lengo lilivyoandikwa. Hawakuahidi kwamba mafuriko hayatatokea. Walisema: kwa mvua ya miaka 100, maji barabarani yasizidi kina cha sentimita 10. Mabomba yenyewe yakabaki na kiwango chake cha miaka 10.

Lengo kama hilo linapimika. Sentimita 10 ziko chini ya kizingiti cha mlango uliopangwa vizuri. Gari la wagonjwa linapita, na mtoto hasombwi.

Kutoka hapo ndipo wakaanza kuchonga: barabara fulani zikapewa umbo la V ili katikati iwe mkondo, bustani ya Enghaveparken ikachimbwa na kuzungushiwa ukingo ili ishike zaidi ya mita za ujazo 20,000. Siku za kawaida watu wanacheza mpira. Rotterdam walifanya jambo la jamaa hiyo mwaka 2013 kwenye uwanja wa Benthemplein, mabeseni matatu yanayoshika kama lita milioni 1.7 kwa jumla, na beseni lenye kina ni uwanja wa michezo.

Kwenye ramani hii kazi inaanza na jambo dogo sana: chukua vipimo vya mwinuko, zima mabomba yote, mwaga mvua, uone maji yanakusanyika wapi. Programu za ramani zinafanya hivyo kwa haraka. Mara nyingi mstari unaotokea ni mto wa zamani ambao uliwekwa kwenye kalavati na kujengewa juu. Mto haujasahau.

---

Zegekavu

Haya, Copenhagen wana bustani. Lakini Tokyo? Wale hawakucheza na mabeseni, walichimba. Na wamefanikiwa.

---

PampuMbili

Zegekavu tusikilizane. Ile kazi ya Kasukabe, kaskazini mwa Tokyo, naifahamu kiasi kwa sababu pampu ndiyo fani yangu. Ujenzi ulianza mwaka 1993, ukakamilika 2006. Njia ya chini ya ardhi ya kilomita 6.3, kina cha kama mita 50, na mashimo makubwa matano ya wima. Mito midogo ikijaa, maji yanatumbukia kwenye mashimo, yanasafiri hadi kwenye ukumbi wa mita 177 kwa 78 wenye nguzo 59, halafu pampu zinayasukuma hadi mto Edo kwa hadi mita za ujazo 200 kwa sekunde.

Sasa angalia kinachofanyika pale. Eneo lile ni bakuli, liko chini kuliko mito mikubwa inayolizunguka. Maji yenyewe hayawezi kutoka kwa mteremko. Wamejenga hifadhi na safari ya kwenda kwenye mto mkubwa wenye nafasi. Ni mantiki ileile ya Mteremko: maji yaliyozidi yamepewa pa kwenda. Tofauti ni kwamba njia yao iko chini ya ardhi.

Kuala Lumpur nao wana handaki liitwalo SMART, lilifunguliwa mwaka 2007, kilomita 9.7, na sehemu ya katikati ni barabara ya magari ya ghorofa mbili. Mvua ikiwa ya kawaida magari yanapita. Ikizidi, maji yanapita chini ya barabara. Ikiwa hatari, magari yanatolewa, milango inafungwa, na handaki lote linakuwa mto.

Ila nawaambia kwa uchungu wa mtu wa pampu: kila mfumo unaotegemea pampu unategemea umeme, na umeme unapenda kukatika palepale dhoruba inapopiga. New Orleans, mji ambao sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, ilifurika tarehe 5 Agosti 2017 bila kimbunga chochote, mvua tu, huku baadhi ya pampu na mitambo yake ya umeme ikiwa haifanyi kazi. Pampu moja si mfumo. Mbili zenye chanzo kimoja cha umeme nazo si mfumo.

---

KokotoNaMchanga

Mbona mnazunguka mbali? Rudisheni maji ardhini. Mji wa sponji. Pevingi zinazopitisha maji, mitaro ya nyasi, mashimo ya kunyonya, paa la kijani. Asili ilikuwa inafanya hivyo bure.

---

Zegekavu

Zhengzhou, kule China, ilikuwa mji wa sponji. Tarehe 20 Julai 2021 ikazama, watu wakafa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Ndiyo jibu langu.

---

Mteremko

Hapa nataka nikae kidogo, maana hili linatumiwa vibaya na pande zote mbili.

Zhengzhou siku ile ilipata milimita 201.9 ndani ya saa moja. Saa moja, wakuu. Hekta moja ya ardhi inapokea mita za ujazo 2,000 katika saa hiyo. Sasa tazama lengo la mpango wa China: kufikia mwaka 2030, asilimia 80 ya maeneo ya mijini yawe yananyonya au kutumia asilimia 70 ya maji ya mvua. Mtu akisoma haraka anadhani mvua yoyote ikija, asilimia 70 inamezwa. Sivyo. Hiyo ni asilimia 70 ya mvua ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mvua ya mwaka inakuja kwa manyunyu na mvua za kawaida. Ukishika milimita 25 za kwanza za kila mvua, unaweza kufikia asilimia hiyo vizuri tu. Lakini milimita 25 kwa hekta ni mita za ujazo 250. Siku ya mita za ujazo 2,000 umebaki na 1,750 zinazotafuta njia.

Kwa hiyo Kokoto, sponji ni nzuri. Inasafisha maji, inapunguza joto, inajaza maji ya ardhini, na inaondoa yale mafuriko ya kero ya kila mwaka. Ila haiwezi kuwa ulinzi dhidi ya mvua ya kihistoria. Na wewe Zegekavu, kusema sponji ilifeli Zhengzhou ni kumlaumu mlinzi wa getini kwa kushindwa kuzuia jeshi. Hata mtaro wako wa zege ungezidiwa siku ile. Kilichokosekana ni njia salama ya ziada, na mahandaki ya treni na magari kuwa na midomo isiyoweza kuwa mkondo. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kinapaswa kuwa na ngazi zinazopanda kwanza kabla ya kushuka. Ngazi mbili tatu tu za kupanda.

---

KokotoNaMchanga

Nakubali nusu. Ila usiniambie mfereji wa zege na mto wa nyasi ni sawa. Singapore walivunja mfereji wa zege wa kilomita 2.7 pale Bishan, wakaugeuza mto unaopinda wa kilomita 3.2 ndani ya bustani, ulifunguliwa mwaka 2012. Maji yakiwa mengi bustani inakuwa uwanda wa mafuriko, yakipungua watu wanarudi.

---

Mteremko

Sawasawa. Na nchi hiyohiyo tangu mwaka 2014 inataka miradi mipya kwenye viwanja vya kuanzia hekta 0.2 ishike maji yake na kuyatoa polepole. Hiyo ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote: mdogo mdogo, kila kiwanja kibebe mzigo wake kabla haujafika barabarani. Tangi la kuchelewesha si kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachohitajika ni tundu dogo la kutolea chini, na tundu kubwa la kufurikia juu. La juu ndilo mafundi wanalisahau.

---

Kizingiti

Habari za humu. Mimi si mhandisi, nasoma tu kimyakimya. Nyumba yangu iko chini ya usawa wa barabara. Zamani haikuwa hivyo; barabara imekuwa ikipanda kila inapokarabatiwa. Sasa mvua ikinyesha maji yanateremka getini kwangu. Fundi anataka nichimbe shimo la kunyonya mita 2 kwa 2, kina mita 1.5, lijazwe mawe. Litatosha?

---

KokotoNaMchanga

Ndugu Kizingiti, hapa na mimi nitakuwa mkali kwa fundi wako ingawa mashimo ndiyo dini yangu.

Shimo hilo ni mita za ujazo 6. Ukilijaza kokoto, nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 30 hadi 40. Umebaki na mita 2 hivi, lita 2,000. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000. Shimo limejaa kabla mvua haijafika katikati.

Halafu udongo. Mfinyanzi unapitisha milimita 1 hadi 5 tu kwa saa, kichanga kinazidi 30. Kwenye mfinyanzi, hata ukihesabu sakafu na kuta zote nne za shimo, ni lita 80 kwa saa ukibahatika. Zile lita 2,000 zitachukua zaidi ya siku nzima kuondoka, na mvua ya kesho itakuta shimo limejaa maji ya leo.

Pima kwanza. Chimba kashimo, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena, ndipo uanze kupima yanashuka kiasi gani kwa saa. Ya mara ya kwanza yanadanganya kwa sababu udongo mkavu una kiu. Na shimo lisikae jirani na msingi. Uingereza wanataka angalau mita 5 kutoka kwenye jengo, na ni kanuni nzuri popote. Lizungushie kitambaa cha geotekstaili, la sivyo udongo mlaini utaingia kati ya kokoto na baada ya misimu michache una shimo lililokufa.

Kama maji ya ardhini yako karibu, sahau shimo kabisa.

---

Mteremko

Kokoto kasema yote ya shimo. Mimi niseme ya kiwanja, maana tatizo la Kizingiti naona ni la usawa, na shimo halitibu usawa.

Kwanza zuia maji ya barabarani yasiingie. Getini weka tuta pana lenye mgongo, gari lipande kidogo ndipo lishuke. Sentimita 15 hadi 20 juu ya mkondo wa barabara zinabadilisha maisha. Nyuma ya tuta weka mfereji wenye wavu wa chuma unaokatiza njia nzima, kwa maji ya ndani ya geti.

Pili, ardhi inayogusa ukuta wa nyumba ishuke ikielekea nje. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, yaani asilimia 5. Kwenye zege au pevingi asilimia 2 inatosha. Usiangalie kwa jicho, jicho linadanganywa na mistari ya tofali. Tumia pimamaji au mpira wenye maji.

Tatu, tafuta njia ya kutokea. Kama kiwanja kinateremka kwenda nyuma na nyuma kuna ukuta mzima mzima, huo ukuta ni bwawa. Toboa chini, weka nondo za kuzuia wanyama, na hakikisha kuna mkondo unaopokea upande wa pili, siyo sebule ya mtu. Hapo ongea na jirani mapema.

Kuhusu barabara kupanda: wakija tena kukarabati, waombeni wakwangue lami ya zamani kabla ya kumwaga mpya. Tabaka la sentimita 5 likirudiwa mara tatu ni sentimita 15 za kizingiti chako zimeliwa.

---

PampuMbili

Kizingiti, ongeza vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la maji machafu, hasa kama choo chako kiko chini ya usawa wa kifuniko cha chemba ya barabarani. Bomba la mtaa likijaa, maji yanatafuta tundu la chini kuliko yote, na tundu hilo ni choo chako. Vali inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Ikikwama na tambara ikiwa wazi ni pambo tu.

Na wenye vyumba vya chini ya ardhi mnisikilize. Maji ya kina cha sentimita 60 nyuma ya mlango wa upana wa sentimita 90 yanasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 160 hivi. Mlango unaofunguka kuelekea kwenye maji hutaufungua. Kwa sentimita 30 ni kama kilo 40, bado inawezekana. Tofauti kati ya hizo mbili ni dakika chache. Ukiona maji yanaingia chini ya mlango, toka wakati huohuo, vitu utavirudia.

Jambo jingine linalosahaulika ni matangi ya chini ya ardhi. Tangi la mita za ujazo 10 likiwa tupu na maji ya ardhini yakapanda hadi juu yake, linasukumwa kwenda juu kwa tani 10. Kama uzito wake na wa udongo ulio juu yake haufiki hapo, litaibuka, na mabomba yatakatika.

---

BintiRamani

Na mapaa bapa yenye ukuta pembeni! Sentimita 10 za maji zilizotuama ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Tundu likizibwa na majani, paa linapinda, likipinda linashika maji zaidi, linapinda tena. Ukuta wa pembeni lazima utobolewe matundu ya dharura, juu kidogo ya usawa wa tundu la kawaida. Maji yakimwagika kutoka pale kila mtu chini anayaona na anajua tundu la kawaida limeziba.

---

Zegekavu

Sawa, nimewasikia. Nina swali la kweli sasa, si ubishi. Mimi nasimamia kazi karibu na bahari. Mtaro wetu ni mzuri, mteremko upo, mdomo ni safi. Lakini mvua ikikutana na maji kupwa hakuna shida, ikikutana na maji kujaa tunazama. Tukafunga mlango wa bawaba mwisho wa bomba ili bahari isiingie. Bado tunazama.

---

Mteremko

Swali bora la uzi huu. Mlango wa bawaba umefanya kazi yake: bahari haiingii. Ila ukiwa umefungwa, mvua ya ndani nayo haina pa kutokea. Mmezuia mafuriko ya nje mkayabakiza ya ndani.

Hapo hesabu si ya lita kwa sekunde tena. Ni ya ujazo. Uliza: bahari itakaa juu ya mdomo wa bomba kwa saa ngapi, na ndani ya saa hizo mvua gani itanyesha? Tuseme ni hekta 10 zenye C ya 0.9 na milimita 50 zimenyesha mlango ukiwa umefungwa. Ni mita za ujazo 4,500. Hizo zinahitaji bwawa, uwanja uliochimbwa, au pampu ya kuzirusha juu ya ukuta. Mkiwa na vyote viwili, bwawa na pampu, pampu inaweza kuwa ndogo sana kuliko mngetegemea pampu peke yake.

Angalia pia mtaro wenyewe. Maji ya nje yakipanda, mteremko wa sakafu ya mtaro hauna maana tena; kinachosukuma maji ni tofauti ya usawa wa maji ya ndani na ya nje. Mtaro unaopitisha maji vizuri bahari ikiwa chini unaweza kupitisha robo yake bahari ikipanda, bila jiwe hata moja kuziba. Hesabu ya bomba lolote inaanzia mdomoni kurudi nyuma. Wengi wanaanzia juu kushuka.

Na usawa wa bahari unaotumia uwe wa miaka ambayo mtaro utakuwa bado upo, siyo wa leo. Mvua nayo vilevile: kila hewa inapopata joto nyuzi 1 zaidi, inaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi.

---

Zegekavu

Eneo la bwawa sina. Nina maegesho ya magari, hekta moja na nusu.

---

BintiRamani

Unalo basi. Mita za mraba 15,000 kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 4,500 zilezile.

---

PampuMbili

Sentimita 30 kwenye maegesho zitaingia kwenye magari. Shusha robo ya eneo zaidi, ijaze kwanza, weka nguzo yenye alama za kina na taa ya tahadhari. Magari ya chini yahamishwe mapema.

---

Kizingiti

Nimerudi. Nimepata mhandisi, ameniletea mchoro wa kiwanja una mabomba na chemba zote. Nauliza niangalie nini kabla sijamlipa?

---

Mteremko

Mwambie akuchoree mchoro wa pili ambao hauna bomba hata moja. Uwe na namba za usawa kila kona na mishale inayoonyesha maji yanaenda wapi mabomba yote yakiwa yameziba. Fuata kila mshale kwa kidole hadi utoke nje ya kiwanja. Mshale ukiishia kwenye ukuta au mlango, mrudishie.

---

Kizingiti

Ameuleta leo. Mishale yote inatoka isipokuwa mmoja, unaishia kwenye kibanda cha jenereta na bodi ya umeme.

---

PampuMbili

Kibanda hicho kipandishwe, siyo mshale ugeuzwe. Sakafu yake iwe juu ya usawa wa tuta la getini kwa sentimita 30, na nyaya ziingilie juu, zisipite chini ya sakafu. Kama una pampu, inalishwa na bodi hiyohiyo.